Mlango wa Sentimita Tisini

Jumatatu, 3 Machi
Binti wa mazoezi ya viungo pale hospitali kanipa kazi ya nyumbani, mimi niliyewapa watoto wa hapa Magomeni, Kilosa, kazi za nyumbani kwa miaka thelathini na nne. Niandike kila siku nilichoweza kufanya mwenyewe. Haya. Leo nimeandika. Mkono wa kulia ni mzima. Wa kushoto umelala pamoja na mguu wake tangu Novemba, kiharusi kiliponiangusha jikoni nikiwa nimeshika mwiko.

Kiti mwendo kimefika. Natalia, mwanetu wa pekee, kakituma kwa basi kutoka Mikumi. Kina magurudumu makubwa, breki mbili, na kitako cheusi kinachong'aa. Hakipiti mlangoni.

Jumatano, 5 Machi
Natalia kapiga simu, anataka nihamie kwake. Baba yake akaichukua simu mkononi mwangu, akasema taratibu, "Mama yako hahami. Tutaigeuza nyumba." Akakata.

Mume wangu Mathias ana miaka sabini na mitatu. Mara nne kwa siku ananibeba mgongoni, anashuka ngazi tatu za baraza, anavuka uwanja mpaka choo cha shimo kule kwenye kona, anasubiri nje akikohoa ili nijue yupo, kisha tunarudi. Ngazi zile alizijenga mwenyewe ili Mto Mkondoa ukifurika usituingilie. Sasa ndizo zinazonifungia ndani.

Jioni tulikaa mezani na karatasi. Mlango wa mbele upanuliwe ufike sentimita tisini. Mahali pa ngazi pajengwe mteremko wa zege. Stoo igeuzwe choo cha kukaa, chenye bomba la kushikia ukutani. Binti wa mazoezi alisema kila sentimita moja ya kwenda juu inataka kumi na mbili za kwenda mbele. Ngazi zina kimo cha arobaini na tano. Nikapiga hesabu: mita tano na sentimita arobaini. Mathias akacheka, akasema alikwishaipata kwa jicho. Sikubisha. Alikuwa mkuu wa genge la kutengeneza njia ya reli, Kilosa mpaka Munisagara, na reli ikizama kidole kimoja aliiona akiwa amesimama mbali.

"Tumalize kabla ya masika, Mwalimu," akasema. Ananiita hivyo tangu uchumba.

Jumamosi, 8 Machi
Fundi kaja, anaitwa Amon. Anaongea kidogo, anaangalia sana. Sijampenda.

Jumanne, 11 Machi
Mathias kapima mlango.

Jumatano, 12 Machi
Kapima mlango tena.

Alhamisi, 13 Machi
Kapima mlango. Nikamuuliza jana alipata ngapi. Akasema mbao huvimba kwa unyevu, lazima mtu arudie. Hakuna unyevu. Mvua haijadondosha hata tone.

Ijumaa, 14 Machi
Naishorua, mama wa Kimasai anayetuletea maziwa, leo kaleta mepesi kama maji ya mchele. Nilimwambia. Akatabasamu, akasema ng'ombe wanakula majani makavu. Mwaka juzi ng'ombe wao walikula mahindi yetu, na siku ile pia wenye ng'ombe walitabasamu. Sikuzani, jirani anayekuja kuniogesha asubuhi, anasema nitafute muuzaji mwingine.

Jumatatu, 17 Machi
Wamebomoa ukuta wa mlango wa mbele. Vumbi limeingia mpaka kwenye sukari. Mchana fremu mpya ikaletwa, nikaomba futi ya Mathias niipime mwenyewe nikiwa nimekaa. Sentimita sabini.

"Amon," nikasema, "hii ni sabini."

"Ndiyo, mama."

"Tulisema tisini."

Akamtazama Mathias aliyekuwa uwanjani akichekecha mchanga. "Mimi nimeambiwa sabini," akasema, akarudi kushika nyundo.

Fundi mwizi huwa na maneno mengi. Huyu ni wa aina nyingine, mwizi wa kimya.

Alhamisi, 20 Machi
Mvua ya kwanza. Mifuko sita ya saruji ililala nje bila turubai, imekuwa mawe. Mathias anasema alimwagiza Amon aifunike. Amon anasema mzee alimwambia anaifunika mwenyewe.

Jumatatu, 24 Machi
Mteremko umemwagwa siku tatu zilizopita kwa saruji iliyosalia, juu ya ngazi zilezile, na leo Mathias kasema umekauka. Nilipouona kutoka dirishani nilijua. Ni mfupi, hauzidi mita mbili, umesimama kama paa.

Nikamwambia, "Baba Natalia, huu mkali."

"Nimeshuka nao mara kumi asubuhi hii."

"Kwa miguu."

Kwenye ile fremu ya sabini kiti kilipita kwa kukunjwa. Nikawekwa juu yake barazani, Mathias akashika nyuma. Hatua ya kwanza kiti kikamshinda. Nilisikia viatu vyake vikiburuzika kwenye zege, kisha sikusikia kitu, kisha nilikuwa chini kwenye mpapai na gurudumu moja likizunguka karibu na sikio langu. Bega limechubuka. Mathias alipiga magoti akanipangusa tope usoni kwa shati lake. Kila alipopangusa alinipaka zaidi.

Halafu akasimama, akamfukuza Amon mbele ya majirani. Alimwita majina ambayo sijawahi kuyasikia kinywani mwake kwa miaka arobaini na sita. Amon akafunga begi lake, akaondoka. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Jumanne, 25 Machi
Mvua. Fremu haina mlango bado, nyumba ina tundu. Tumelizuia kwa ubao na turubai.

Jumamosi, 29 Machi
Mvua.

Jumatano, 2 Aprili
Amon alikuja kuchukua pimamaji yake. Mathias alikuwa ameenda sokoni. Fundi hakuingia. Alisimama nje ya turubai, maji yakimtiririka, akanipa karatasi mbili zilizofungwa kwenye nailoni.

"Mama, mimi sibishani na mzee. Ila usije ukafa ukidhani nilikuibia."

Ya kwanza ilikuwa ile yetu ya mezani, tisini, mita tano na arobaini. Ya pili ilikuwa na mwandiko wa Mathias, ule mwandiko wake wa ripoti za reli, herufi zimesimama wima: mlango sabini, mteremko mita mbili. Chini yake aliandika tena mlango themanini. Chini yake, mlango sabini. Chini kabisa aliandika jina langu, Filomena, mara tatu, kama mtoto anayejifunza kuandika.

Nimesahihisha madaftari maisha yangu yote. Najua karatasi ya mvivu, na najua karatasi ya mtoto anayejitahidi na hawezi.

Amon alisema aliwahi kuyaona haya ya kusahau kwa baba yake mzazi. Nikamwomba radhi. Akasema hapana shida, akaenda.

Alhamisi, 3 Aprili
Nilingoja anywe chai. Nikaziweka karatasi mbili mezani, moja kando ya nyingine. Alizisoma. Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Najua," akasema.

"Tangu lini?"

"Kabla hujaanguka. Nilienda Kilangali kuchukua mbegu kule shamba la serikali, nikashindwa kukumbuka njia ya kurudi. Nikakaa chini nikangoja mpaka mtu akanijua."

"Hukuniambia."

"Nilitaka kukuambia, halafu ukaanguka. Ukiwa umelala hospitali ningekuambia nini?" Alikunja karatasi ya pili ikawa ndogo kama kidonge. "Nilitaka nyumba iishe, Mwalimu. Iishe wakati bado najua najenga kwa ajili ya nani."

Nilitaka kumshika mkono. Alikuwa amekaa upande wangu wa kushoto.

Jumatano, 9 Aprili
Mvua siku ya sita. Mkondoa umejaa, watu wanakwenda darajani kuutazama. Mathias kaamka vizuri, kanipikia uji, kakumbuka kwamba sitaki sukari nyingi. Siku kama leo nadhani tumejitia hofu bure.

Alhamisi, 10 Aprili
Kaweka chumvi kwenye uji. Nimeunywa.

Jumapili, 20 Aprili
Pasaka. Sikwenda kanisani, hakuna wa kunifikisha. Kengele niliisikia. Natalia alipiga simu, nikamwambia ujenzi unaendelea vizuri.

Alhamisi, 24 Aprili
Jana sikuandika. Naandika leo, na mkono wenyewe huu wa kulia una vidonda.

Jana asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, Mathias alivaa koti lake la zamani la reli na kuchukua nyundo yenye mpini mrefu. Mimi bado nilikuwa kitandani. Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Kukagua njia. Mvua hii itachukua kokoto."

Kastaafu miaka kumi na tatu iliyopita. Nikamwambia hivyo. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayetazama mgonjwa anayeweweseka, akanifunika shuka vizuri, akachukua kitambaa changu chekundu cha kichwa kilichokuwa kwenye msumari, akatoka. Nikasikia ubao ukisogezwa mlangoni.

Niliita. Bati lilikuwa linapiga kelele kuliko mimi. Umeme ulikuwa umekatika siku mbili, simu yangu imezima. Sikuzani alisema jana yake kwamba angelala shambani. Kiti kilikuwa sebuleni.

Nilijiviringisha nikaanguka chini. Niliangukia upande usiosikia maumivu, ambao ni upande mbaya zaidi, kwa sababu hujui umeumia nini. Nikaanza kujiburuta kwa kiwiko cha kulia. Kutoka chumbani mpaka sebuleni ni hatua saba za mtu mzima. Nilipofika kwenye kiti, nilikishika kikarudi nyuma, nilikishika tena kikarudi nyuma, maana hakikuwekwa breki. Nikakiacha. Nilijikojolea pale sebuleni, na mwalimu mzima nikaendelea kujiburuta ndani ya mkojo wangu, kwa sababu kila dakika alikuwa anakwenda mbali zaidi.

Ubao wa mlango aliuacha wazi. Nikafika barazani, na mbele yangu kukawa na ule mteremko wa mita mbili, maji yakiuteremka kama mfereji. Nilijua hesabu yake. Nilijiachia. Nilishuka kwa kifua mpaka kwenye tope la uwanjani, na hapo nguvu zikaniishia. Nikalala mvuani nikiita jina lake. Sijui kwa muda gani. Nilimlaani Mathias, nikamlaani Natalia aliyeenda kuishi Mikumi, nikamlaani aliyebuni ngazi. Halafu nikaacha kulaani, nikaona ni rahisi tu kulala hivi, uso ndani ya maji, yalikuwa yameshafika kwenye midomo.

Aliyenikuta ni Naishorua. Alichelewa kwa sababu kijito kilijaa, alingoja kipungue avuke na dumu lake la maziwa. Aliliweka chini. Alinigeuza, akanipangusa pua na mdomo kwa shuka yake ya lubega, akanibeba kifuani. Mwanamke mwembamba kama yule. Alipanda mteremko kwa hatua za upande, akanifikisha kitandani.

"Mzee," nikamwambia. "Kaenda relini. Munisagara."

Akatoa simu shingoni, akaongea Kimasai maneno machache. "Kaka yangu Koinet yuko na ng'ombe upande ule," akaniambia. "Atamwona." Kisha akachemsha maji, akaniogesha mwili mzima, tope na mkojo, akinigeuza polepole na kuniuliza kila mara kama maji ni ya moto. Sikujua niyaweke wapi macho yangu. Nikamwambia, "Nilisema unatia maji kwenye maziwa."

"Majani yalikuwa makavu," akasema. "Sasa yameota. Utaona."

Koinet alimleta saa tisa alasiri kwa pikipiki. Alimkuta karibu na Munisagara, amesimama kati ya mataruma yanayobeba reli ya zamani, amenyoosha kitambaa changu chekundu kusimamisha treni. Njia ilikuwa nzima, haijachukuliwa hata kokoto. Kule juu treni ya umeme ilishapita mara mbili kwenye njia yake mpya. Vijana waliopita walimwambia aende nyumbani, akawafokea kwamba hawezi kuacha lindo. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi kwa baridi.

"Ulifanyaje akakubali?" nikamuuliza Koinet.

"Nilimsikiliza kwanza. Halafu nikamwambia, mzee, mimi ndiye zamu ya mchana, nimekuja kukupokea. Akanipa kitambaa. Akanieleza mahali pa hatari. Akapanda pikipiki."

Mathias alikaa ukingoni mwa kitanda changu akitetemeka, akaniona vidonda vya kiwiko.

"Nani amekufanya hivi, Mwalimu?" akauliza.

Jumamosi, 26 Aprili
Natalia kaja. Gari lilikwama matope mara mbili, kafika amechafuka mpaka magotini. Alitazama mlango wa turubai, mteremko, kiwiko changu. Alitoka nje akakaa chooni muda mrefu.

Jioni tulizungumza, baba yake amelala.

"Mama, wewe huwezi kutembea, yeye hawezi kukumbuka. Nani anamtunza mwenzake?"

"Tunatunzana."

"Jumatano mlitunzana?"

Akasema ana chumba kimoja cha kutupatia sisi, lakini Mikumi nyumba yake iko ukingoni mwa barabara kuu, malori yanapita usiku na mchana, na baba akitoka mara moja tu itakuwa ndiyo basi. Kwa hiyo mimi niende Mikumi, na baba aende kwa mdogo wake. Alilisema akitazama mikono yake. Nilikuwa nimemwita binti mwenye roho ya jiwe, kichwani mwangu, tangu Machi aliponitaka nihame. Leo nimeona amekonda. Nimeona kwamba amefanya hesabu ileile ninayoifanya mimi kila siku, na imemgomea vilevile.

"Akiamka asinione," nikamwambia, "atakwenda kunitafuta. Ataanza na reli."

Natalia akalia. Mimi sikulia. Nikamwomba kitu kimoja: amtafute Amon.

Jumanne, 29 Aprili
Amon amerudi. Mathias kampokea kwa mikono miwili, akamuuliza kama ni mgeni hapa Magomeni.

Jumatatu, 5 Mei
Wanavunja mteremko. Mathias alininyanyua kitandani anipeleke kwenye kiti, na katikati ya chumba akasimama. Nilikuwa mikononi mwake. Niliona usoni mwake kwamba hajui ananipeleka wapi. Mikono ikaanza kulegea.

"Kitini, Baba Natalia. Mbele yako."

"Ndiyo," akasema. Alifika. Tangu leo Sikuzani na mumewe ndio wataninyanyua asubuhi. Mchana nitakaa nilipowekwa.

Jumatatu, 12 Mei
Mteremko mpya: mita tano na sentimita arobaini, unakata kona pale kwenye mpapai. Mlango tisini. Nimepima mwenyewe.

Jumamosi, 17 Mei
Choo kimekwisha. Nilisukuma gurudumu kwa mkono mmoja, nikazunguka duara mara mbili kabla sijafika, nikashika bomba, nikajihamisha. Peke yangu, mlango umefungwa. Nimekaa mle ndani bila haja yoyote, nusu saa. Mathias akawa anakohoa nje.

Jumatatu, 19 Mei
Kabla Amon hajaondoka nilimwita pembeni. Nikamwambia nataka komeo kwenye mlango wa mbele, na jingine kwenye geti la uwanja. Chini, usawa wa goti la mtu aliyesimama, mahali ambapo mkono wangu unafika nikiwa kwenye kiti.

Alinielewa. Kule kwa baba yake, akasema, waliweka juu sana, mzee akawa anapanda stuli. Chini ni bora. Hawaangalii chini.

Mathias ndiye aliyemshikia Amon misumari. Alisifia kazi.

Miezi mitatu nimepigania mlango wa kutokea, na nimemaliza kwa kuufunga.

Ijumaa, 23 Mei
Mvua imeisha. Maziwa ya Naishorua ni mazito, yanaacha alama kwenye kikombe. Huwa anakaa na sisi kidogo sasa, na Mathias humweleza habari za reli.

Jumanne, 27 Mei
Asubuhi Mathias alivaa koti. Alikwenda mlangoni, akasukuma. Akapapasa juu ya fremu, akapapasa pembeni, kitasa, bawaba, polepole, kama alivyokuwa akikagua viungo vya reli. Hakuangalia chini. Komeo lilikuwa kwenye goti lake.

Aligeuka, akaniona. Alivua kofia, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, mama," akasema. "Samahani, naomba kufunguliwa. Nachelewa kazini."

Ana miaka mitano kunizidi. Katika maisha yetu mimi ndiye niliyemwamkia, tangu siku ya kwanza aliponisimamisha njiani nikitoka chuoni, mpaka nilipokuwa mke wake na tukaacha. Nilimngoja aseme Mwalimu. Nilingoja sana, naye alisimama pale na kofia yake, mpole, akingoja aitikiwe na mtu mzima asiyemjua.

"Marahaba," nikasema. "Kaa kwanza, baba. Mvua kubwa."

"Asante, mama."

Akakaa kwenye kigoda kando ya gurudumu langu, mikono juu ya magoti. Mbele yetu mlango mpana ulikuwa umefungwa, na jua lilikuwa linaingia chini yake mpaka kwenye miguu yetu.